Neno Nililoacha Kulitumia Darasani

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha kompyuta katika kampasi moja ya chuo kikuu mjini Bungoma, nilikuwa na kiburi nilichokiita bidii. Nimezaliwa Saboti, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, binti wa wakulima wa mahindi na viazi. Kompyuta niliigusa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na tisa, katika saiba moja, duka la intaneti, pale Kitale, nimekaa ukingoni mwa kiti kana kwamba mashine ingenifukuza. Chuoni tulianza wasichana watatu darasani. Wawili wakahamia kozi nyingine, nikabaki mimi. Hakuna aliyenishika mkono, na nilipopewa darasa langu mwenyewe sikuona sababu ya kumshika mtu mkono. Anayetaka atafika, nilijiambia. Asiyefika hakutaka.

Lilikuwa darasa la mwaka wa kwanza, wanafunzi kama sitini, na mashine zilizokubali kuwaka hazikufika thelathini. Waliokuja na laptopu zao walikaa mbele, karibu na soketi. Wengi wao walikuwa wamefundishwa kompyuta tangu sekondari, shule za Kitale, za Eldoret, za Nairobi. Nyuma walikaa wale ambao shule zao zilikuwa na kompyuta mbili zilizofungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, zimefunikwa vitambaa. Sikuwapanga mimi hivyo. Walijipanga wenyewe, nami nikafundisha wa mbele. Wakijibu, nasonga.

Katika safu ya nyuma kabisa alikaa mama mmoja kutoka Sirisia. Namwita mama kwa sababu ndivyo darasa zima lilivyomwita. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, minane kunishinda. Miaka mingi alikuwa karani wa faili katika zahanati, akijua kila mgonjwa faili yake iko rafu gani. Siku moja ikaletwa kompyuta, akaletwa pia kijana wa kuiendesha, na yeye akapewa ufagio. Ndipo alipotafuta cheti chake cha sekondari, ambacho hesabu zake zilikuwa nzuri kuliko zangu, akaomba nafasi chuoni. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba kuna mama nyuma anayeandika kila kitu kwa kalamu, hata yale yasiyohitaji kuandikwa.

Jumanne ya wiki ya tatu nilimwomba asome mstari wa kwanza wa programu niliyoiandika ubaoni. Ulianza na *print*, neno la kuiamuru kompyuta ionyeshe maandishi kwenye skrini.

"Plint," akasoma.

Sisi watu wa huku, r na l hubadilishana nafasi midomoni mwetu bila kutuuliza. Darasa likacheka. Kijana mmoja aliyekaa mbele, mtoto wa mfanyabiashara wa mahindi wa Kitale, mwepesi wa kompyuta na mwepesi wa mdomo, akageuka na kusema, "Madam, ati hiyo ni lugha mpya?" Kicheko kikaongezeka.

Mama akainama kwenye kibodi, akazitafuta herufi moja moja kwa kidole cha shahada. Alipobonyeza, mashine ikamrushia mstari mwekundu wa kosa. Nikaenda nyuma yake nikaangalia. Alikuwa ameandika kama alivyotamka.

"Mama, hii ni kitu rahisi tu," nikamwambia, kwa sauti ambayo niliamini ni ya upole. "Hata mtoto wa darasa la nne anaweza. Angalia tena."

Nikarudi mbele nikaendelea na somo.

Jumanne iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Na iliyofuata. Hakuwa peke yake. Safu ya nyuma ilikuwa inapungua kama gunia lenye tundu, na kusema kweli sikuona vibaya. Mashine zilianza kutosha. Nilifikiri darasa linajichuja lenyewe.

Wiki ya sita ilikuja fomu mezani kwangu. Ilikuwa ya mama, ya kuomba kuacha kozi, na ilihitaji sahihi ya mwalimu wa somo. Mahali pa sababu alikuwa ameandika kwa mwandiko wa karani, wima na safi: "Nimeona kichwa yangu si ya hii kazi."

Nilikuwa nimeshafungua kalamu. Sijui ni nini kilichonifanya kwanza nivute bahasha ya mazoezi ya zamani. Nadhani ule mwandiko. Wiki ya kwanza, kabla ya kugusa mashine, nilikuwa nimewapa zoezi la karatasi: watu wamepanga foleni, andika hatua za kumpata aliye mrefu kuliko wote ukiwapima mmoja baada ya mwingine. Nikaitafuta karatasi yake. Alikuwa ameandika kwa Kiswahili, na mstari wa kwanza ulisema: "Kwanza angalia kama kuna watu. Kama hakuna, sema hakuna, usiendelee." Chini zaidi: "Wawili wakilingana, shika yule wa kwanza, mwingine apite."

Nikazisoma karatasi za wengine wote, moja moja, mpaka ya kijana wa Kitale. Hakuna hata mmoja aliyefikiria foleni isiyo na watu. Programu huanguka hapo hapo, kwenye jambo ambalo mwandishi hakulifikiria, na kuna watu hufanya kazi miaka kabla hawajazoea kujiuliza swali kama lile. Yeye alilijua kabla hajaketi mbele ya kompyuta. Nami nilikuwa nimemkata nusu ya alama, kwa wino mwekundu, kwa sababu hakuandika kwa Kiingereza.

Nikatafuta namba yake kwenye fomu. Kisha nikampigia simu.

"Madam, mimi Jumamosi niko na kazi," akasema. "Kama unataka kuniona, kuja tu huku."

Nikaenda Sirisia. Nilimkuta katika boma la watu waliokuwa wamemzika mzee wao wiki iliyotangulia na sasa walikuwa wanafanya ibada ya shukrani. Nyuma ya nyumba moshi ulikuwa unapanda kutoka kwenye meko matano, na katikati ya moshi huo alisimama mwanafunzi wangu, kitambaa kichwani, mwiko mrefu mkononi, akiwaamuru wanawake kama kumi na wanaume watatu wa kupasua kuni. Kumbe yeye ndiye mkuu wa mapishi wa eneo lile. Kukiwa na matanga, harusi au askofu anakuja, anaitwa yeye.

"Mulembe, madam!" akanisalimia kwa mbali. "Keti hapo kwa kivuli, nakuja."

Nikaketi, na kwa karibu saa nzima nikamtazama. Hakupiga kelele hata mara moja. Sufuria ya ugali ikibaki robo, nyingine ilikuwa tayari inasongwa. Kuku walipungua, akabadilisha kipimo cha mchuzi bila mtu yeyote kwenye foleni kujua. Mamia ya watu wakala, hakuna aliyegombana. Mimi nilikuwa nashindwa kuwagawia watu sitini mashine ishirini na nane.

Mwishowe alikuja na sahani yangu, akaketi kwenye kigogo kando yangu, akajifuta jasho.

"Nimekuja kukuomba msamaha," nikamwambia. "Walikucheka na mimi sikusema kitu. Na hata mimi natoka Saboti. Hiyo r na l yangu nilijifunza kuificha tu."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kucheka? Ah, hao ni watoto, bana. Mimi nimelea watano. Mtoto hawezi kunicheka nikimbie."

"Sasa ulitoroka nini?"

Aliokota kijiti, akakivunja vipande viwili.

"Wewe ulisema ni rahisi. Ungesema ni ngumu, ningejua ni ngumu, ningekaa niisukume. Lakini ulisema ni rahisi, hata mtoto anaweza. Na mimi imenishinda. Sasa nikajiuliza, kama kitu ni rahisi na imenishinda, si basi shida ni mimi? Nikarudi nyumbani."

Nililirudisha tonge sahanini. Miaka yote niliyokaa kwenye madarasa ya kompyuta, neno hilo lilikuwa limesemwa kila siku. Ni rahisi. Ni wazi. Kila mtu anajua. Nilikumbuka jinsi lilivyokuwa likinipiga mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi, jinsi nilivyokuwa nikienda chooni kulia halafu narudi uso mkavu. Nililivumilia nikafuzu, na baada ya kufuzu nikaanza kulisema.

"Si rahisi," nikamwambia. "Haikuwa rahisi hata kwangu. Nilidanganya."

"Haya." Akainuka, akakung'uta gauni. "Nitarudi. Lakini usinihurumie, madam. Ukinihurumia nitajua. Nifundishe tu."

Fomu yake niliichana siku hiyo hiyo.

Jumanne nilisimama mbele ya darasa nikawaeleza yote, isipokuwa machozi ya chooni. Niliwaambia kwamba nilikuwa nimekosea, na kwamba kuanzia leo neno "rahisi" halitasemwa katika chumba hiki, si na mimi si na wao. Atakayelisikia kwangu ananyoosha mkono. Walifurahi sana kwa hilo. Siku ya kwanza walininyooshea mikono mara nne. Kisha nikawabadilisha viti. Nikaweka vikaratasi ndani ya kofia, kila mtu akaokota mwenzake, na nikatoa sheria moja: anayejua hagusi kibodi. Mikono yake iwe mgongoni. Anaeleza kwa mdomo, kwa lugha yoyote ambayo mwenzake anaielewa, na asiyejua ndiye anayeandika.

Mama aliokota karatasi ya kijana wa Kitale. Nilimwona kijana akifunga macho.

Baada ya wiki moja mwenyekiti wa idara aliniita. Ni mtu mzima, mpole, anayependa kuzunguka kabla ya kufika kwenye hoja.

"Mwalimu, nimepata malalamiko," akasema, baada ya kuniuliza habari za nyumbani na za mvua. "Wanafunzi wengine wanasema unawarudisha nyuma. Ati wanakaa wamefunga mikono kama washukiwa."

"Ni kweli wanafunga mikono, mzee. Lakini hawarudi nyuma."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Nipe mpaka mtihani. Wale walio mbele wakishuka, nitarudi kufundisha kama zamani."

Alinitazama juu ya miwani yake, akaona kwamba sikuwa naomba. "Haya basi. Mpaka mtihani."

Sikuwa natamba. Nilikuwa nimeona kitu tayari, na kesho yake kikaonekana na darasa zima.

Tulikuwa tumefika kwenye mzunguko, yaani namna ya kuiambia kompyuta irudie kazi ile ile tena na tena. Kijana wa Kitale, mikono mgongoni, alikuwa anamweleza mama, na uvumilivu ulikuwa unamwishia.

"Inarudia. Inarudia tu mpaka iache."

"Inaacha saa ngapi?" mama akauliza.

"Ikimaliza."

"Na inajuaje imemaliza?"

Tangu sekondari kijana alikuwa ameandika mizunguko mingi, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Akaniita. Nikaenda, na badala ya kumjibu nikamgeukia mama.

"Kule matanga, unagawaje chakula?"

"Si unaangalia tu. Kama kuna mtu kwa raini na chakula iko, unapakua. Halafu unaangalia tena."

"Nenda uandike ubaoni."

Akaenda. Akaandika: kama kuna mtu kwa laini, na kama chakula iko, pakua, rudia. Akasoma kwa sauti, "raini" na yote. Kuna mmoja alicheka, naye mama akacheka pamoja naye, ikaisha hapo. Nikawaambia kila jozi igeuze maneno yale kuwa programu: foleni ya watu kumi, sahani ishirini.

Dakika chache baadaye skrini zikaanza kumwaga maandishi. Pakua, pakua, pakua, mstari juu ya mstari, bila kukoma. Sahani zilikuwa zimeshuka chini ya sifuri na bado kompyuta nyingine zilikuwa zinapakua, maana wenyewe walikuwa wameusahau ule mstari wa chakula. Kwa mama na kijana chakula kilikumbukwa, lakini sahani zote ishirini zilikwisha kwa watu kumi, na foleni ilikuwa bado ya watu kumi.

"Hii raini haipungui!" kijana akasema, na hakuwa anamdhihaki mtu, neno lilimtoka hivyo hivyo.

"Hata kwetu haipungui," mama akamwambia kwa utulivu. "Watu wanakula, wanazunguka nyuma ya nyumba, wanakuja na sahani ingine."

"Sasa mnafanyaje?"

"Ukishapatia mtu, anatokea upande ule mwingine, na kuna mzee tumesimamisha huko. Lazima atoke. Wewe umetoa mtu kwa raini?"

Kijana akainama kwenye skrini. Akasoma programu yao kuanzia juu, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Kisha akapiga paja.

"Hatujatoa mtu! Mama, andika hapo chini. Watu, toa mmoja. Hapana, ndani ya mzunguko. Ndani, ndani kabisa!"

Akaandika, kwa vidole viwili sasa. Programu ikapakua mara kumi, ikasimama. Sahani kumi zikabaki. Yule kijana aliruka kutoka kitini kama timu yake imefunga bao, akampa mama mkono, na mama akaushika kwa mikono yote miwili, kama anavyosalimia watu kanisani.

Somo liliisha, hakuna aliyetoka. Jozi moja ilitaka kujua itakuwaje watu wakiendelea kufika wakati foleni inasonga. Nyingine iliuliza kuhusu wageni wa heshima wanaopelekewa chakula mezani bila kupanga foleni. Hayo ni maswali ya mwaka wa pili, na walikuwa wanayauliza kwa Kiswahili, kwa Kibukusu, kwa Sheng, wakigombana kwa furaha. Nilikaa juu ya meza nikawasikiliza.

Mtihani ulipofika, waliokuwa mbele hawakushuka. Kadhaa walipanda, akiwemo kijana wa Kitale, aliyekuja ofisini kuniambia bila kuzunguka, "Madam, mimi nilikuwa najua kuandika tu. Sikuwa naelewa." Mwenyekiti wa idara hakuniita tena, ila muhula uliofuata alimtuma mwalimu mwingine akae nyuma ya darasa langu aandike mambo.

Wengi wa waliokuwa wameacha walirudi, maana niliwapigia simu mmoja mmoja. Si wote. Kuna msichana mmoja wa upande wa Kimilili aliyekuwa kimya sana hata sikumbuki sauti yake. Nilimpigia mara tatu. Mara ya tatu alipokea dada yake, akasema amekwenda Nairobi kufanya kazi ya nyumba. Huyo nilimpoteza mimi, katika zile wiki sita nilizokuwa nikifurahia mashine kutosha. Siwezi kulipaka rangi nyingine.

Mama alifaulu somo langu. Alianguka hesabu za mwaka huo, akakasirika siku mbili, akazirudia akapita. Kijana wa Kitale alikuwa akikaa naye kwenye ngazi za maktaba kila Alhamisi, yeye na hesabu zake, mama na mkebe wa chapati. Wamemaliza wote. Kijana anatengeneza programu kwa wanunuzi wa mahindi Kitale. Mama anawafundisha makarani wa hospitali kutumia kompyuta, na nasikia huwafundisha kwanza bila umeme, kwa karatasi na maswali, mpaka waombe wenyewe mashine iwashwe.

Mimi bado niko Bungoma. Mwaka huu tumepata mwanafunzi kiziwi, msichana aliyesomea shule ya viziwi, na chuo kikachelewa kumpatia mkalimani. Nililalamika, nikaandika barua, nikangoja jibu. Ijumaa moja nikafika darasani kumwandalia kitu cha kusoma, nikakuta wenzake kama kumi na watano wamemzunguka. Lugha ya ishara aliyoijua haikuwa na alama za vitu vyetu: programu, faili, kosa, hifadhi. Basi walikuwa wanazitunga pamoja. Yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi. Mtu anapendekeza alama, yeye anaikubali kwa kuinamisha kichwa au anaikataa kwa kukitikisa, na alikuwa mkali.

Hakuna aliyeniita. Hakuna hata aliyegeuka nilipoingia. Nilisimama mlangoni, vitabu mkononi, mpaka yeye mwenyewe akaniona, akanionyesha kwa kidole kwamba niweke vitu chini. Nikaviweka. Akainua mikono yake, akanionyesha alama ya kwanza polepole, akangoja.

Nikaijaribu. Akatikisa kichwa. Nikaijaribu tena.